Praiveti Meja

Cordwell, Georgia
17 Septemba 1944

Kaka Meja mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima kama ilivyotuacha sisi. Mwalimu Crews anasema barua njema huanza na afya, kwa hiyo naanza nayo. Mama mzima, isipokuwa magoti. Mimi mzima. Paka wa Shangazi Roxie amekufa, lakini alikuwa mzee.

Habari kubwa ni ubao. Wameusimamisha mbele ya mahakama, mweupe, mrefu kuliko mlango wa kanisa letu, na umeandikwa majina ya watu wote wa Cordwell walioko vitani. Nikisema wote, unajua nina maana gani. Majina yetu sisi weusi yatawekwa kwenye ubao mwingine, huko nyuma karibu na bomba letu la maji, mbao zikibaki. Mchungaji alikwenda kuuliza zitabaki lini, akaambiwa asiwe na haraka.

Sasa sikiliza. Mwezi wa saba liliwekwa sanduku posta, na tangazo kwamba kila familia yenye askari itumbukize jina lake. Tangazo halikusema familia zipi. Mama akaniambia niandike mimi, kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Nikauliza, "Niandike na cheo chake, Praiveti?" Akasema, "Andika jina alilobatizwa nalo, basi." Nikaandika Meja Tarver, nikatumbukiza.

Kaka, uko juu kabisa. Wanawake wa kamati ya ubao wamedhani Meja ni cheo. Maofisa wamepangwa juu, wakubwa kwanza, na Cordwell haina ofisa mwingine aliyefikia umeja. Kwa hiyo wewe ndiye wa kwanza, juu ya makapteni wawili na yule luteni mwana wa daktari. Hata herufi zako ni nene kuliko zao. Nilisimama upande wa pili wa barabara nikakusoma na kukurudia, mpaka polisi akaniuliza kama nimepotea.

Mama hakucheka wala hakukasirika. Alisema, "Umeona? Basi umeona. Funga mdomo." Nimeufunga. Lakini ningependa jina lako likae pale kwa haki, si kwa makosa. Tafadhali niambie unafanya kazi gani huko, ili mtu akiniuliza kwa nini umestahili, niwe na la kusema.

Dada yako mtiifu,
Ozella Tarver


Mahali fulani, Ulaya
12 Oktoba 1944

Zella bibie,

Nimecheka hadi Sajini Blalock akaja kuangalia kama nimeugua. Nilipomsomea barua yako akacheka yeye, kisha hema zima. Sasa kila nikipita kwenda kuchukua chakula kuna mtu ananipigia saluti na kuniuliza kama vita vitakwisha Jumanne au Jumatano.

Hapa jina hili limenitesa tangu siku ya kwanza. Sajini, ambaye ni mtu wa Chicago na hana haya, huniita mbele ya mstari, "Praiveti Meja!" na watu wanashindwa kusimama wima. Wananionya nisikubali kupandishwa cheo, maana nikifika sajini nitakuwa Sajini Meja bila kutoa jasho, na jeshi haliruhusu mambo hayo. Kapteni wetu ni mzungu wa Alabama. Hajawahi kulitamka. Akiwa na furaha huniita Tarver, na akiwa hana huniita wewe mrefu. Juzi alinihitaji haraka nikiwa nimempa mgongo. Alipiga mluzi.

Kuhusu kazi, ni ya udongo. Mwambie Mama nashika koleo kuliko nilivyowahi kulishika kwa Baba, Mungu amrehemu, naye angefurahi kwa kuwa alisema sitakuwa mkulima kamwe. Mvua haikatiki. Barua zetu zinasomwa kabla hazijaondoka, kwa hiyo tuishie hapo.

Soksi zilifika. Pai ya viazi vitamu haikufika, au ilimfikia mwingine. Natumaini aliipenda.

Mambo ya ubao uyaache. Mtu akikuuliza, sema hujui.

Kaka yako,
Meja


Cordwell, Georgia
5 Novemba 1944

Kaka Meja mpendwa,

Sisi wazima. Nimeelewa kwamba unachimba mahandaki na huwezi kusema ni wapi. Nimelieleza darasa, na Mwalimu Crews amekutaja katika sala ya asubuhi. Everett Pugh alisema mahandaki yalikuwa ya vita vile vya kwanza, lakini Everett husema mambo mengi.

Sasa kuna jambo jingine, nalo linahusu Bi Cornelia Tarver, yule mzungu tunayeshiriki naye jina la ukoo. Mama bado anamfulia. Ijumaa tulipopeleka nguo mlango wa nyuma alitoka mwenyewe, amevaa miwani yake miwili, moja juu ya nyingine.

"Idella," akasema, "umeuona ubao? Meja Tarver! Huyo ni wa ukoo wa shemeji yangu kule Macon. Walizaa wavulana wengi hata nikaacha kuwafuatilia. Nilijua tu damu ya Tarver haiwezi kukosa ofisa."

Mama akasema, "Ndiyo, Bi Tarver."

"Nimewaambia wote kanisani. Yule mke wa daktari na luteni wake, sasa ametulia. Na wewe una mwana jeshini, sivyo? Yule mrefu."

"Ninaye, Bi Tarver."

"Anaitwa nani vile?"

Mama akainama akaliweka kapu sawa. "Kola za wiki hii nimezitia wanga mwingi, Bi Tarver," akasema. "Usizikunje."

Njiani nilimwuliza kwa nini hakujibu. Akasema, "Nimejibu. Nimejibu habari za kola."

Kwa hiyo sasa una shangazi mzungu. Nilitaka kucheka lakini sikuweza. Tukisema ukweli, jina litafutwa na Mama anaweza kupoteza kazi. Tukinyamaza, jina linabaki, lakini ni la mtu wa Macon asiyekuwepo. Nataka libaki kuliko ninavyotaka kitu kingine chochote mwaka huu, na sina hakika kama ni vizuri kutaka hivyo.

Dada yako,
Ozella


Cordwell, Georgia
19 Novemba 1944

Kwa Meja Tarver, Jeshi la Marekani

Meja mpendwa,

Mimi ni mjane wa Amos Tarver, ambaye nadhani alikuwa ami wa baba yako. Hatujawahi kuonana, na kosa ni langu, kwa kuwa sikupenda safari za Macon. Macho yangu hayafai tena kwa kalamu. Anayeandika ni binti wa dobi wangu, mwenye mwandiko safi kwa mtu wa namna yake.

Mjukuu wangu Wendell aliuawa Ufaransa mwezi wa saba. Nilipata telegramu, na baadaye barua ya mchungaji wa jeshi yenye maneno mazuri ambayo nadhani huwaandikia wote. Hakuna aliyeniambia amezikwa vipi. Kuna mwanamke kanisani anayesema kwamba huwatupa pamoja katika shimo moja na kuwafukia kwa mashine. Mbele ya watu sikubali. Nikibaki peke yangu nakubali.

Wewe ni ofisa, watakuambia ukweli. Niambie na mimi, hata ukiwa mbaya. Nilimlea Wendell tangu akiwa na miaka mitatu. Hakupenda giza.

Najivunia wewe na ninakutaja kila ninapokwenda.

Cornelia Tarver


(Karatasi ya pili, kwa mwandiko uleule)

Kaka,

Nimeandika kila neno alilosema, hata lile la mwandiko. Alitaka barua iende posta bila anwani, akisema jeshi halina budi kujua Meja Tarver ni nani. Anwani nimeiweka mimi. Sikusema uongo wala sikusema kweli, na Mwalimu Crews hajatufundisha hali hiyo inaitwaje.

Alipofika kwenye habari za Wendell aligeukia dirisha, nami nikangoja. Kisha akaniuliza kama wino umekauka.

Ninavyofikiri, ingewezekana nimsomee maneno machache ya faraja kana kwamba umeyaandika wewe. Macho yake hayatajua. Angetulia, na ubao ungebaki ulivyo. Sitafanya mpaka uniruhusu. Naomba uniruhusu.

Zella


Mahali fulani, Ulaya
28 Desemba 1944

Zella,

Sikuruhusu.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya Bi Tarver. Isome kwanza kwa Mama, maana kazi ni yake. Mkikubaliana, msomee yule bibi kama ilivyo, neno kwa neno. Msipokubaliana, itieni motoni iungue, nami sitauliza.

Kapteni aliisoma yote. Alinitazama muda, kisha akaifunga bila kukata hata neno.

Na samahani kuhusu mahandaki. Mwambie Everett Pugh kwamba alisema kweli, lakini usimwambie kwa furaha.

Meja


(Karatasi ya Bi Tarver)

Bi Tarver,

Mimi si wa Macon. Ni mwana wa Idella, yule mrefu. Ndiye niliyekuwa nakuletea kuni mlango wa nyuma, nawe ulikuwa ukiniita kijana. Meja ni jina nililopewa nilipozaliwa. Cheo changu ni Praiveti, na chini yake hakuna kingine. Waliopaka rangi ubao walikosea, nawe ukakosea pamoja nao. Mama na dada yangu hawakukudanganya. Hukuwauliza.

Lakini swali lako naweza kulijibu, kwa sababu kazi yangu ndiyo hiyo. Sisi ndio tunaozika. Kikosi chetu kizima ni watu weusi, isipokuwa wanaotoa amri, na tangu majira ya joto hatujafanya kazi nyingine. Nyumbani sikuwaambia. Nilitaka Mama akinifikiria anione nimesimama mahali pengine.

Wendell sikumzika mimi. Yuko makaburi mengine. Naweza kukuambia tunavyofanya sisi, na wale wengine walifundishwa kama sisi.

Hakuna shimo moja. Kila mtu ana lake, nalo huchimbwa kwa koleo, hata mvua ikiwa inajaza maji nyuma yetu. Linafika kifuani kwa mtu mrefu. Najua kwa kuwa wanalipima kwa kimo changu. Kwanza tunahakikisha jina. Kila askari ana vipande viwili vya bati shingoni vyenye jina lake; kimoja anakwenda nacho, cha pili kinapigiliwa kwenye msalaba. Anafunikwa vizuri. Hatupwi. Wanashika shuka watu wanne, kila mmoja pembe yake, na Sajini wetu, ambaye kutwa nzima hanyamazi, hapo hataki mtu aseme neno mpaka mwili umegusa chini. Asiye na jina tunamwekea alama yake, na kuna watu ambao kazi yao ni kuendelea kulitafuta.

Hatuwapangi kwa rangi. Tunawalaza kama walivyofika. Katika jeshi hili sijaona mahali pengine panapofanywa hivyo.

Kuhusu giza sijui nikuambie nini. Ni wengi, na wamelala karibu karibu. Hayuko peke yake.

Meja Tarver, Praiveti


Cordwell, Georgia
4 Februari 1945

Kaka Meja mpendwa,

Sisi wazima.

Nilimsomea Mama akiwa anapiga pasi. Hakuacha kupiga pasi. Nilipofika kwenye watu wanne na pembe nne, pasi ilikaa mahali pamoja, na leso moja ya Bi Tarver imeungua. Nilipomaliza aliniuliza kama umesema unakula. Nikasema hukusema. Akasema, "Vaa koti lako."

Tulimkuta Bi Tarver jikoni kwake. Nilisimama karibu na meza nikasoma kama Mwalimu Crews anavyotufundisha, bila kukimbia na bila kuigiza. Kwenye maneno "mwana wa Idella" alinyoosha mkono kama anayetaka kuichukua karatasi, kisha akaushusha. Nikaendelea.

Nilipomaliza akasema, "Rudia pale pa bati."

Nikarudia.

"Na pale pa watu wanne."

Nikarudia. Alikuwa akitikisa kichwa taratibu kwa kukubali, na nilidhani yamekwisha vizuri. Kisha akasema, "Kwa hiyo Wendell wangu amelala karibu na nani?"

Nikasema, "Haikuandikwa, Bi Tarver."

"Najua haikuandikwa!" Akamgeukia Mama. "Idella. Umenisikia hapahapa jikoni nikimsifu, wiki baada ya wiki. Umeniacha nijivune mbele ya mke wa daktari. Ukanyamaza."

"Ndiyo, Bi Tarver."

"Nani alimpa mtoto jina kama hilo? Hilo ni jina la mtoto?"

"Baba yake."

"Kwa nini?"

Kaka, mimi mwenyewe sikuwahi kujua. Nilidhani Baba alipenda mambo ya jeshi. Mama alikuwa amesimama na mikono ndani ya aproni. Akasema, "Ili mlitamke."

Bi Tarver hakuelewa. Mama akamweleza, kwa sauti ileile ya habari za kola. "Wanaume wetu hamwaiti Bwana. Mume wangu alifika miaka hamsini akiitwa kijana, na aliyemwita hivyo mara nyingine alikuwa mtoto wa shule. Basi akasema mwanawe ataitwa kwa heshima, watu wapende wasipende, kwa kuwa ndilo jina lake na hakuna jingine. Lakini mkapata njia. Mkamwita kijana, mkamwita mrefu, mkampigia mluzi. Mume wangu alikufa bila kumsikia mzungu hata mmoja wa mji huu akilitamka. Wa kwanza ni wewe, Bi Tarver. Tena ulilitamka vizuri."

Nilitazama sakafu. Bi Tarver alitugeuzia mgongo. Halafu akasema, "Nendeni nyumbani," na tukaenda.

Jumatano mtu wa kupaka rangi alikuja na ngazi na kopo. Sasa makapteni ndio wa kwanza. Nilitazama toka upande wa pili wa barabara mpaka alipokunja ngazi yake. Nilidhani nitalia. Sikulia, na bado ninajiuliza kwa nini. Pengine ni kwa sababu aliyefutwa ni yule wa Macon.

Siku iliyofuata nilimwambia Mwalimu Crews kwamba nilikosea kuhusu mahandaki. Akaniambia nililoliambia darasa kwa kosa niliambie tena kwa usahihi. Nikasimama nikaeleza unafanya nini, na kwamba mnawalaza kama walivyofika. Everett Pugh hakusema kitu. Mwalimu akatuambia tusimame sote, tukasimama, na hakutuambia tukae mpaka kengele.

Ijumaa hii Bi Tarver hakutuma kapu. Mama anasema pumziko halijamwua mtu.

Kaka, ungeweza kutuambia. Tungekuona umesimama hapohapo ulipo.

Dada yako,
Ozella


Cordwell, Georgia
11 Machi 1945

Kaka Meja mpendwa,

Sisi wazima, na magoti ya Mama yamepata nafuu kwa sababu ya jua. Barua yako bado haijafika, lakini Mwalimu Crews anasema kuchelewa si habari.

Bi Tarver ametuma kapu. Lilikuwa limejaa nguo za mwezi mzima, kwa hiyo nadhani hakumpa mtu mwingine. Hakukuwa na ujumbe. Mama alizifua, akazipiga pasi, na Ijumaa tukazipeleka mlango wa nyuma kama zamani. Alizipokea, akapapasa kola moja, akasema wanga unatosha. Habari za leso hakuzitaja. Mama akaaga, tukashuka ngazi.

Tulikuwa tumefika kwenye lango alipoita, "Idella."

Mama akageuka. Bi Tarver alikuwa amesimama mlangoni ameshika kitasa, na nilimwona wazi akitafuta namna ya kusema. Alianza, "Yule kija—" akaacha. Akaanza tena, "Yule wako m—" akaacha. Barabarani palikuwa na watu wakipita, wa kwao na wa kwetu. Alivua miwani moja, akaivaa tena.

"Meja ameandika?" akauliza.

"Bado, Bi Tarver. Tunangoja."

"Akiandika nitapenda kujua," akasema. "Na muulizeni kama wanapewa chakula cha moto." Kisha akafunga mlango.

Mama alitembea mbele yangu mpaka tulipopita kanisa letu. Hapo akasimama, akajifanya anafunga kiatu, na kiatu chake hakina kamba.

Kwa hiyo nakuuliza, Kaka, na tafadhali jibu swali hili kwanza kabla ya mengine: mnapewa chakula cha moto?

Dada yako,
Ozella Tarver